Jina la Kuingia Nalo Kidato cha Kwanza

Al-Rawdah, Jeddah
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi yote, mimi binti yako Wakesho. Goti linasemaje? Nimesikia siku hizi kanisani unaketi benchi la nyuma, karibu na mlango, nikajua linakusumbua, maana tangu nikujue hujawahi kuketi nyuma ya mtu. Ng'ombe alizaa salama? Mvua imefika huko milimani au bado mnaangalia mawingu? Mimi mwili ni mzima. Kile kifua kilichokuwa kikinibana kule Riyadh kwa vumbi kimeniacha tangu nihamie huku Jeddah. Huku kuna joto la kulowesha nguo, lakini napumua.

Najua si macho yako yanayoyasoma maneno haya. Anayesoma ni Mghoi, kwenye kile kiti kifupi karibu na meko, nawe umeinamisha kichwa unasikiliza. Mghoi mwanangu, nawe nakusalimu. Leo nina ombi moja kwako: msomee bibi kila neno. Usiruke mstari hata ukiona umefika mahali panapokuhusu. Hapo ndipo hasa usiruke.

Sikutaka mambo haya yapite kwenye simu. Simu tunayoongelea siku zote ni ya Kaka Mwakio, na yeye akiwa amesimama pale, wewe hunena ya mvua na mimi hunena ya kazi. Barua hii nimempa Zawadi, yule msichana wa Mwatate anayefanya kazi mtaa wa Al-Safa, huku huku Jeddah. Mkataba wake umeisha, kafili, yaani mwajiri wake, amempa karatasi zake, na wiki ijayo anarudi nyumbani. Ataileta kwa mkono wake mwenyewe.

Kaka alinipigia juzi. Unajua anavyosema akiwa na haraka.

"Sista, results zimetoka. Ameongeza, lakini ile shule ya bweni ya wasichana bado hawamchukui. Sasa sikia. Kuna headmaster rafiki yangu hapa Voi, atampokea arudie class eight tena. Jina tutapata. Nataka jibu kabla shule zifunguliwe."

Nikamwambia nitafikiria. Akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akakata simu.

"Jina tutapata." Mama, mimi na wewe tunajua maana yake, lakini hatujawahi kuisema kwa kinywa. Acha niiandike wazi leo. Mghoi alifanya mtihani wa darasa la nane mara ya kwanza kwa jina lake, akapata alama za wastani. Nikaamuru arudie. Kanuni haimruhusu mtoto aliyekwisha kuufanya mtihani kuufanya tena, basi Kaka akachukua cheti cha kuzaliwa cha Agnes, binamu yake Mghoi, aliyeacha shule darasa la sita akaolewa, akamwandikisha Mghoi shule nyingine kwa jina la Agnes. Mwaka mzima mwanangu ameitwa Agnes kwenye rejista, Agnes kwenye gwaride, Agnes kwenye karatasi ya mtihani. Wengi wanafanya hivyo, najua. Hata mwalimu wa hisabati wa zamani pale kwetu inasemekana jina lake si lake. Kwa sababu wengi wanafanya, mimi sikuona kosa.

Niliamuru hayo nikiwa Riyadh. Madam yule wa kwanza alikuwa akinipa simu yangu Ijumaa tu, dakika kumi, amesimama mlangoni akisema yalla, yalla, haraka, haraka. Katika dakika kumi hizo niliamua mwaka mzima wa mtoto. Kisha nikaandika barua kueleza sababu zangu, na nani alikusomea barua ile? Ni yeye. Uliniambia mwenyewe: "Amesoma vizuri, hakukwama hata mara moja." Nilifurahi siku ile. Leo nikikumbuka naona haya, kwa kuwa mtoto alisimama akasoma hukumu yake kwa sauti, na mimi nikafurahia ufasaha wake.

Sasa nikueleze kilichonigeuza.

Nyumba ninayofanyia kazi sasa ni ya watu wema, namshukuru Mungu. Baba ni daktari, Msaudia, alisomea Ujerumani akaoa huko huko. Madam ni Mjerumani. Wana watoto wawili, Salma wa miaka kumi na Hadi wa minne. Mwaka ujao wanahamia Ujerumani, kwa hivyo Salma anasoma shule inayofuata mtindo wa kwao. Mwezi uliopita alikuja mama yake madam, mwanamke wa umri wako, mrefu, mwenye miguu mikubwa na sauti ya kuamrisha. Amefundisha shule ya msingi miaka arubaini. Wote humwita Oma, ndiyo bibi kwa lugha yao.

Siku ya kwanza alikuja jikoni akachukua kisu akaanza kumenya viazi bila kuulizwa. Akaniuliza jina langu kwa Kiingereza. Nikasema, "Maryam." Kisha nikashtuka. Unajua kule Riyadh Wakesho liliwashinda ulimi, wakaniita Maryam miaka miwili. Ulimi umezoea. Nikajirekebisha, nikasema ni Wakesho. Oma akaweka kisu chini akalirudia mpaka akalipata. Sikulifikiria sana jambo hilo wakati ule.

Tulizoeana kwa sababu ya kosa langu. Salma alirudi na karatasi ya matokeo, akaiacha mezani. Nikaangalia: Kijerumani moja, kuchora moja, hisabati tano. Nikasema masikini mtoto, kwingine amepata moja moja, lakini hisabati amepata tano, lazima tumpongeze. Nikampikia mandazi ya iliki, nikamwekea mbele, nikamwambia hongera kwa tano. Mama, mtoto alilia akatoka mbio. Kumbe kwao moja ndiyo ya juu kabisa na sita ndiyo ya chini! Alidhani namcheka. Oma alicheka mpaka akashika meza, kisha akamwita Salma, tukala mandazi sote watatu, na nikaomba radhi. Tangu siku hiyo akawa ananieleza shule za kwao kila tukimenya viazi, maana alisema mtu asiyejua kusoma matokeo asiachwe karibu na unga.

Nikueleze, kwa sababu wewe hupenda kujua watu wengine wanaishije. Kwao mtoto wa miaka mitatu huenda chekechea, lakini hasomi herufi hata moja. Hucheza tu. Huvalishwa mabuti na kupelekwa msituni hata mvua ikinyesha, ajue kuvaa mwenyewe, kungoja zamu yake na kumwachia mwenzake beleshi. Nilimuuliza, "Na kusoma je?" Akajibu, "Kusoma kutakuja. Kwanza ajue kukaa na watu." Nikakumbuka Mghoi alivyokuwa na miaka minne, ameshika kalamu, analia kwa sababu ya herufi b, na mimi nimesimama nyuma yake na mwiko.

Akifika miaka sita huingia darasa la kwanza. Siku hiyo ni sherehe. Wazazi humpa koni kubwa ya karatasi, ndefu karibu kama yeye, imejaa peremende na kalamu za rangi, aibebe mpaka shuleni. Shule ya msingi ni miaka minne tu, sehemu nyingine sita, maana kila jimbo lina sheria zake. Na sasa sikia hili. Mwisho wa darasa la nne, mwalimu humwandikia mzazi barua ya kumshauri mtoto aende wapi. Kuna shule ndefu, ya miaka minane au tisa, inayoishia kwenye mtihani mkubwa wa kuingilia chuo kikuu. Kuna ya kati, inayoishia darasa la kumi. Na kuna fupi zaidi, ya wanaoelekea kwenye kazi za mikono mapema. Siku hizi kuna pia shule zinazowachanganya wote pamoja.

"Miaka kumi!" nikamwambia. "Mimi nikiwa na miaka kumi sikujua hata kumfunga mbuzi akafungika."

"Na mimi ndiye niliyekuwa naandika barua hizo," akasema Oma. "Miaka arubaini."

Wanaotoka ile ya kati na ile fupi hawatupwi. Huajiriwa kama wanagenzi, miaka mitatu hivi: siku kadhaa za wiki wako karakana au dukani au hospitalini na fundi wao, siku nyingine wako darasani, na wanalipwa kidogo. Fundi umeme, mwokaji, muuguzi, wote hupitia hivyo, hufanya mtihani, hupata cheti chenye heshima. Akitaka baadaye husoma tena akawa fundi mkuu, na fundi mkuu naye anaweza kubisha hodi chuo kikuu. Vyuo vikuu vyenyewe, vingi ni vya serikali na wanafunzi hawadaiwi karo, isipokuwa mchango mdogo. Lakini udaktari ni mashindano makali hata kwao. Si peponi, Mama. Oma mwenyewe alisema mtoto wa daktari husukumwa juu hata akiwa mzito, na mtoto wa mfagiaji huachwa chini hata akiwa mwepesi. Nilicheka nikamwambia hilo tunalijua bila kupanda ndege.

Wiki tatu zilizopita ilifika barua ya Salma. Mwalimu alishauri shule ya kati.

Nyumba iliingia msiba. Baba aliisoma amesimama, akaiweka mezani, akasema kwa Kiarabu maneno ambayo sitayaandika. Chakula nilichopika kilipoa. Alitaka mwalimu aandikiwe, alitaka walimu wa ziada kila jioni, alitaka waanzie jimbo jingine ambako neno la mzazi ndilo la mwisho. Akasema yeye ni daktari, baba yake alikuwa hajui kusoma, na hataki ukoo urudi nyuma. Nilisikia hayo nikiwa na sinia mkononi, na nilimwelewa kabisa. Nilijisikia mimi mwenyewe nikisema.

Oma alingoja amalize. Kisha akasema taratibu:

"Nimeandika barua kama hii kwa mamia ya watoto. Nilikuwa na uhakika kila mara. Wengine nilikosea, na sitajua ni wangapi. Lakini barua hii si mlango wa mwisho. Akichanua atahama. Na akihitaji, atakaa mwaka mmoja zaidi darasani. Watoto wengi hukaa. Mimi mwenyewe nilikaa."

"Ulikaa?" akauliza Salma.

"Darasa la saba. Wenzangu wakapanda, mimi nikabaki kwenye kiti kile kile, na kila mtu akajua kwamba ni mimi."

Baba akatoka nje. Kesho yake mchana tulikuwa jikoni, mimi, Oma na Salma, na mimi kwa kutaka kumliwaza mtoto nikajiingiza. Nikamwambia hata binti yangu amerudia darasa, si kitu cha kufa. Salma akaniuliza, "Wenzake walimcheka?" Nikasema hapana, hawakumjua, alirudia shule nyingine kwa jina la binamu yake. Nilisema hivi hivi, kama mtu anavyosema ameazima ungo.

Oma akaacha kumenya. "Kwa jina la nani?"

Nikaeleza tena. Nilivyozidi kueleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mazito. Salma alikuwa amekunja uso anafikiri, kisha akauliza, si kwa ubaya, kwa kutaka kujua tu:

"Sasa akifaulu, nani amefaulu?"

Nilisema "mafi mushkila," kwamba hakuna tatizo, nikageukia sinki nikaosha sufuria iliyokuwa safi. Oma hakuniuliza zaidi. Mambo ya kwetu si ya kwake, na yeye ni mtu mwenye adabu. Lakini swali lile halijaniacha.

Kwa sababu Mghoi akiingia kidato cha kwanza kwa matokeo haya ya pili, itabidi aingie kama Agnes, na mpaka kidato cha nne abaki Agnes. Cheti kitatoka cha Agnes. Akirudia tena huko Voi atakuwa mtu wa tatu. Na Agnes mwenyewe je? Tulichukua jina lake kama sufuria ya jirani, bila hata kumwomba, kwa kuwa aliolewa na tukaona halitumii. Siku akitaka kurudi shule, atakuta jina lake limeshafanya mtihani. Nimemkosea yule mtoto pia. Mfikishieni radhi yangu.

Niseme na sababu ya kweli, ingawa Mghoi ndiye anayesoma. Ile shule ya bweni niliyong'ang'ania aende ni ile niliyoiacha mimi kidato cha pili, tumbo likiwa la miezi minne. Tumbo hilo ni wewe, Mghoi. Sijawahi kukujutia hata siku moja. Lakini nilikuja Arabuni nikiwa na picha moja kichwani: wewe umevaa sare ile ile, umeketi kiti kile kile, unanimalizia kidato changu cha pili. Nilikuwa nakupeleka shule yangu. Sikuwahi kukuuliza wewe unataka ipi.

Basi Mama, neno langu ni hili, na umwambie Kaka hivi hivi. Mghoi asirudie. Asiende Voi. Kaka amshukuru rafiki yake na asitafute jina lolote. Alifanya yote kwa kunisaidia, nami simlaumu, kosa ni langu na nitamwambia mwenyewe. Yale matokeo ya kwanza, yenye jina lake, uliyaweka ndani ya Biblia. Yatoe. Alama hizo zilitosha shule ya kutwa pale bondeni, na mwalimu mkuu aliwahi kukuambia nafasi ipo. Mkienda atauliza mtoto alikuwa wapi mwaka mzima. Usimtungie kisa. Mwambie mama yake alimchelewesha.

Na kama hataki kidato, kuna chuo cha ufundi karibu na soko. Ni yeye aliyeifungua redio yako iliyokufa akaifanya iseme, mimi nikamgombeza kwa simu kwamba anapoteza wakati wa kusoma. Nimekaa na watu ambao fundi kwao ni mtu na heshima yake. Sitaona haya. Achague yeye.

Wasalimie kwetu. Msalimie Kaka Mwakio na mkewe, na umwambie sikukata simu kwa hasira, ni yeye aliyekata. Msalimie mama mkubwa, dada yako, na dawa ya macho yake nimempa Zawadi. Msalimie mzee wa kanisa aliyenisindikiza mpaka stendi siku ile, na mamake Agnes, na Agnes mwenyewe na mtoto wake. Salma ananiambia nimsalimie "msichana wa majina mawili." Baba yake bado anatafuta walimu wa jioni, lakini jana nilimwona ameketi na mtoto wanachora, na barua bado iko mezani.

Sasa Mama, nivumilie, nina neno la mwisho na msomaji wetu.

Mghoi, barua yako ya mwisho ninayo hapa. Ulinieleza habari za ndama na za mvua, ukanitakia baraka, na chini kabisa ukaandika "Ni mimi mwanao mpendwa, Agnes." Ukalikata kwa kalamu mistari miwili, ukaandika Mghoi pembeni kwa herufi ndogo, kama mtu anayepita kwenye mlango wa watu. Nililia, mwanangu. Sikulia kwa sababu ulikosea. Nililia kwa sababu naujua ulimi huo, ni ule ule uliosema Maryam jikoni kabla sijakumbuka mimi ni nani, na ni mimi niliyekufundisha.

Usinijibu kwa simu ya mjomba. Chukua karatasi uniandikie unachokitaka, shule au ufundi au jambo jingine ambalo sijalijua. Zawadi atakuachia stempu. Mimi bahasha ikifika sitaanza juu kwenye salamu. Nitaifungua nitazame chini kwanza, mahali unapotia jina.

Huku nimeitwa majina mengi, na mengine nimeyaitikia. La kwangu lisilo na mkopo ni hili moja, nami nalitia hapa.

Mama Mghoi